Kioo Juu ya Ufa

Roccaspina, 30 Machi 1974

Baba mpendwa,

Natumaini baridi ya Stuttgart imepungua. Hapa milozi imechanua, na watalii wamerudi kupiga picha za bonde kutoka kwenye baraza letu.

Unakumbuka kipande cha kioo ulichokigandisha kwa saruji juu ya ufa wa ukuta wa baraza, ukasema kikivunjika nijue ukuta unasogea? Jumanne nilikikuta kimevunjika. Bibi Assunta amekifunika kwa chungu cha maua.

"Nyumba ina miaka mia sita, we mtoto! Ikungoje wewe ndiyo ianguke?"

"Bibi, kioo kimevunjika."

"Nyamaza! Manispaa wakisikia watatuhamisha. Mimi hapa sitoki ila nimebebwa kwenye jeneza."

Baba, naogopa. Nasikia changarawe zikidondoka bondeni hata pasipo upepo, na kitanda cha Bibi kiko upande uleule wa ufa.

Leo wageni walipobisha niliwaambia baraza limefungwa, nikaketi mlangoni kuandika barua hii. Bibi alinigombeza sana. Kisha akatoka na kiti chake, akaketi karibu nami, barabarani.

Usingoje Pasaka, Baba. Njoo, kabla hajarudisha kiti ndani.

Binti yako,
Ilaria