Kazi Mbili za Wavinya

Matinyani, Kitui
4 Machi 2024

Kwa dada yangu Kavata,

Nakusalimia wewe na mumeo Mutisya. Sisi huku tu wazima, ila mama analalamika mgongo kama kawaida. Uliniambia Mutisya anasoma simu yako, kwa hivyo naandika kwa karatasi na kuwapa watu wa basi wampelekee Kathini wa duka la mbegu hapo Kathonzweni, akupe.

Dada, leseni ya malori haijamaliza mwezi mfukoni na tayari nina kazi mbili. Ya kwanza iko Mwingi, kwa mama mmoja anaitwa Istahil, mjane anayepeleka mbuzi Nairobi. Aliniambia nirudishe lori kinyumenyume katikati ya maboma mawili, mbele ya wanaume waliokuwa wakinicheka. Nilirudisha bila kugusa mti hata mmoja. Akasema anataka dereva mwanamke kwa sababu wanaume huuza mbuzi wake njiani kwa siri. Lori ni zuri na mshahara ni wa mwezi.

Ya pili iko huko kwenu, kwa Mbaluka, tipa la kubeba kokoto. Analipa kwa safari, na nikijikaza naweza kupata zaidi. Lakini tipa lenyewe sijaliona. Wewe uko karibu, niulizie. Wote wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Kila nikiitazama hii leseni nakumbuka tulifanya mtihani siku moja, na wewe ndiye uliyeitwa jina kwanza. Naomba Mungu alegeze moyo wa Mutisya, nawe uendeshe.

Ni mimi dada yako,
Wavinya


Kathonzweni, Makueni
12 Machi 2024

Dada yangu mpendwa Wavinya,

Salamu zako nimezipata na nimefurahi mko wazima. Mwambie mamangu mkubwa apakwe mafuta ya moto mgongoni, asibebe maji. Mimi sijambo. Leseni yangu Mutisya aliificha chini ya magunia ya pojo, akidhani sitaiona.

Nimekuulizia. Tipa la Mbaluka limetoka kwa fundi juzi na linatembea vizuri. Mwenyewe ni mzee wa kanisa letu, mtu wa kuaminika. Huyo mama wa Mwingi nimemsikia kwa mtu anayemjua. Anashika kitambulisho chako, analipa akijisikia, na mbuzi akifa njiani ni wako. Dereva mmoja aliondoka kwake akilia. Mimi ningekuwa wewe ningekuja huku, tukae karibu kama zamani.

Usimjibu huyo Istahil kwa simu, atakubembeleza. Nyamaza tu, ataelewa.

Dada yako akupendaye,
Kavata


Kathonzweni
6 Aprili 2024

Dada Kavata,

Natumaini u mzima popote ulipo. Nilianza kwa Mbaluka siku ya kwanza ya mwezi, na Jumatano jioni nilikuja kwenu na mkate na majani ya chai. Mutisya alisimama mlangoni, akaniuliza nimekuficha wapi. Nilimwambia sijui, na kweli sijui. Alinishika mkono hadi ukafanya alama.

Kathini anasema anaweza kukufikishia barua, ila hataki kusema uko wapi. Sikulaumu kwa kutoroka. Ungeniambia tu, ningekusaidia kubeba nguo.

Tipa hili si kama ulivyoambiwa. Lazima nikanyage breki mara tatu ndipo lisimame. Nimemwambia Mbaluka, akasema wanawake wanaogopa ovyo. Nitavumilia hadi nipate kazi nyingine.

Niandikie hata mstari mmoja nijue u hai.

Dada yako,
Wavinya


Wodi ya wanawake
9 Mei 2024

Kavata,

Hujambo. Mimi niko hospitalini wiki ya pili.

Nilikuwa nashuka na kokoto kuelekea mto Thwake, breki zikaisha kabisa. Nilijaribu kushusha gia, ikakataa. Mbele kulikuwa na akina mama wanachota maji, nikalipeleka tipa ukingoni. Lilinilalia mguu wa kushoto. Mbaluka alikuja mara moja tu, akauliza kama nilikuwa nimesinzia.

Jana nilimpigia Istahil. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kunyamaza, na kuuliza kama anaweza kunikumbuka nikipona. Alishangaa. Akaniambia, "Si umeolewa? Dada yako alisema umeolewa huko Makueni na mume amekukataza kuendesha. Ndiyo maana nikamchukua yeye. Anaendesha vizuri, Mashallah."

Nilimwambia ni kweli, nimeolewa. Kisha nikakata simu.

Nina swali moja. Habari za breki, ulijua?

Wavinya


Mwingi
20 Mei 2024

Dada Wavinya,

Pole kwa mguu. Nimeisoma barua yako ndani ya lori, na siwezi kuanza na salamu kama mtu aliye na haki ya kusalimia.

Nilijua. Dereva wa kwanza wa Mbaluka aliacha kazi kwa ajili ya breki, soko zima lilijua. Nilijiambia wewe ni mwangalifu, utaligundua na kuliacha. Yale mabaya niliyokuandikia kuhusu Istahil niliyatunga mimi. Ni mama mzuri. Kila Ijumaa saa nne asubuhi nikiingia na vumbi kutoka Nairobi, ananipa chai kabla ya kuhesabu pesa za mbuzi.

Ulikuwa na kazi mbili mkononi na unauliza ipi tamu. Mimi barua yako niliisomea chooni, na sikio moja halisikii kwa sababu ya makofi ya Mutisya. Sikukuambia hayo. Niliona aibu kukuomba, nikaona kuiba ni rahisi zaidi.

Nikatae, nitukane kwa watu wetu wote. Ila nakupigia magoti, usimwambie Mutisya niliko.

Dada yako,
Kavata


Matinyani
10 Juni 2024

Kwa dada yangu Kavata,

Nakusalimia, natumaini kazi inaendelea. Mimi nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari amesema goti halitakunjika tena. Mguu wa kushoto ndio wa klachi, unajua.

Jana Mutisya alikuja baada ya kanisa. Alimletea mama sukari, akakaa kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini kama tumepata habari zako. Mama alisema hatujui. Mimi nikasema, "Yuko Mwingi, soko la mbuzi, kwa Istahil. Ijumaa saa nne asubuhi huwa ameingia kutoka Nairobi."

Alinishukuru. Tangu hapo mama hasemi na mimi, chakula ananiwekea mlangoni.

Nilijua kuhusu sikio lako wakati nikisema. Nakuandikia usije ukadhani nilisahau. Barua hii itapanda basi Jumamosi.

Dada yako,
Wavinya


Kathonzweni
2 Julai 2024

Dada Wavinya,

Natumaini mguu haukuumi sana, na mama ameanza kusema nawe. Mwambie asikuwekee kinyongo.

Walikuja watatu, Mutisya na kaka zake. Istahil alisimama kati yangu na wao. Aliniuliza mbele ya soko lote, "Kavata, wewe mwenyewe unataka kwenda?"  Mutisya aliinamia gurudumu la lori, akalipapasa, akainua macho kunitazama. Nikaelewa ataliharibu lori la watu, nikasema nataka. Nikampa Istahil funguo mkononi. Alilia yeye, mimi sikulia.

Leseni yangu ilichomwa siku hiyo hiyo tulipofika nyumbani.

Lori limesimama pale kwake na mbuzi wanapelekwa kwa magari ya watu. Nilimwambia ukweli wote kabla sijaondoka, jina lako na mambo niliyokufanyia. Akasema nafasi ni yako, atangoja hadi Agosti.

Kuhusu goti hajui, barua yako ilinikuta huku. Mwambie wewe.

Dada yako,
Kavata