Fimbo ya Shemeji Mgongoni mwa Tausi

Jumamosi. Jua kali, vumbi kila mahali, na hasira bado haijanitoka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninafundisha shule ya msingi hapa Tabora, na nina farasi jike anayeitwa Tausi. Jirani yangu alipohama aliniachia, maana hakuna mwingine aliyemtaka. Ana nguvu kupita kiasi. Akikaa siku mbili bila kazi anapiga ukuta mateke.

Miezi minne nimemfundisha mambo madogo tu. Kuzunguka duara kubwa, kisha dogo. Kutembea hatua chache na kusimama. Kukimbia polepole, kurudi kutembea. Kuvuka fito nne nilizolaza chini bila kuzigusa. Siwezi kumshinda kwa nguvu, kwa hiyo nampa kitu cha kufikiria. Wiki hii alianza kusimama nikishusha pumzi tu.

Leo amekuja Maganga, kaka mkubwa wa mume wangu, mfugaji wa ng'ombe kutoka Choma. Alitutazama tukizunguka, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mnyama ukimbembeleza hivi hatakuheshimu."

Kwa kuwa ni mkubwa wetu, nilimkaribisha chai. Nikamfunga Tausi kwenye nguzo, nikaingia kuipika. Niliona shemeji alivyokuwa akimwangalia, na bado nikaingia. Hilo ni kosa langu.

Niliposikia kishindo nikatoka mbio. Shemeji alikuwa amemfungua, kamba mkono mmoja, fimbo mwingine. Tausi akainuka kwa miguu ya nyuma, akamponyoka, akavunja uzio. Mimi, shemeji na mume wangu tulimkuta katikati ya mihogo ya watu, mgongoni ana mistari mitatu imevimba.

"Sasa ameelewa," shemeji akasema.

Mume wangu akacheka.

Nimeolewa miaka tisa, na sijawahi kumchukia kama dakika ile.

"Shemeji, nakuheshimu," nikasema, bila kupaza sauti. "Lakini huyu hutamgusa tena."

Aliondoka bila kunywa chai. Mume wangu anasema nimemvunjia kaka yake heshima. Nikamuuliza, na mgongo wa Tausi je?

Jioni nilipoingia zizini, Tausi alijibana pembeni, masikio ameyalaza nyuma. Mimi, ninayemlisha kila siku, alinikimbia.

Mume wangu anataka niende Choma kuomba radhi. Siendi. Asubuhi nitakuwa zizini, bila kamba, nimesimama hapo mpaka aamue mwenyewe kunisogelea.