Amplifaya ya Ismaily

Kibiti,
9 Juni 1994

Kwa kaka yangu Mrisho,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kaka, kwanza nipe habari za afya yako, na za shemeji Nasma, na za watoto wote hapo Salale. Kifua cha Amri kimepungua kubana tangu mrudi naye kutoka hospitali ya Utete? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua zimekata, mikorosho imeanza kutoa maua, na barabara ya Dar es Salaam inapitika tena. Nimesikia mpunga wa huko umekubali mwaka huu. Nimefurahi sana.

Barua hii anakuletea Kondo, yule anayenunua samaki na kamba pale Nyamisati. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Tafadhali isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa. Ni ndefu. Nimejaribu kuifupisha mara tatu, na kila nilipoifupisha niliona nimeruka jambo lilelile. Utakuta pia naeleza mambo unayoyajua. Nafanya hivyo kwa sababu ukishamaliza nataka isomwe mbele ya watu, na wengine hawakuwepo.

Inamhusu marehemu mdogo wetu Ismaily, na inamhusu Mama mdogo Habiba.

Wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi jinsi Mama mdogo alivyoingia nyumbani kwa baba, mama yetu akiwa amefariki na Ismaily ana miaka miwili. Alimlea kama aliyemzaa. Kwa hiyo Ismaily alipoamua kuacha shamba la mpunga na kuja huku Kibiti kupiga muziki, aliyeumia zaidi alikuwa yeye. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, vyombo vya bendi yake vikapigwa mnada, na Ismaily akapata gitaa la besi, kubwa, rangi ya chai, lenye nyuzi nne. Siku anaondoka tulisimama wote bandarini. Mama mdogo alimshika mikono yote miwili, akasema kwa hasira na machozi, "Haya nenda. Lakini Mungu ataizuia mikono hii isiendelee na kazi ya shetani." Wewe ulisikia. Mimi nilisikia. Na nusu ya Salale walisikia.

Hapa Kibiti alijiunga na vijana wanne waliokuwa wakipiga kwenye ukumbi wa Sadallah, yule mwenye baa karibu na maegesho ya malori. Ilikuwa ile miaka biashara ya nje ilipofunguliwa, na vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa Kariakoo. Sadallah alileta amplifaya mpya inayong'aa, nyepesi kama sanduku la nguo. Haikumaliza mwezi. Jenereta yake ilikuwa inapandisha umeme na kuushusha inavyotaka, na vitu vile vya kisasa havikuuvumilia. Nikaifungua hapa kibandani ninapotengenezea redio, nikakuta imeungua ndani.

Gitaa la besi bila umeme halina sauti, kaka. Anayelisikia ni aliyelibeba tu. Ismaily alikuja akakaa kwenye kiti changu cha wateja akaniambia, "Kaka Tamimu, mimi napiga, lakini watu wanaona vidole tu." Alisema akicheka, lakini nilimjua. Alikuwa amegombana na nyumbani kwa ajili ya gitaa hilo.

Ndipo nikamwambia tutajenga ya kwetu, kama zile za zamani, ya valvu. Valvu ni zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio kubwa za wakati wa baba, ambazo ulikuwa ukiwasha redio unasubiri zipate moto kwanza. Siku hizi hakuna anayezitaka. Lakini fundi aliyenifundisha kazi Dar es Salaam alikuwa akisema hakuna kinachoibeba sauti nzito kama valvu, na hazishtuki ovyo umeme ukiyumba. Nilikuwa bado na mchoro wake kwenye daftari. Katika takataka za stoo ya ushirika nikapata mashine mbovu ya vipaza sauti, ile waliyokuwa wakitangazia mikutano ya pamba. Ndani yake nikakuta valvu nne nzima na transfoma kubwa.

Tulifanya kazi ile miezi saba. Nataka uijue, kwa sababu sijawahi kukaa na ndugu yangu yeyote karibu kiasi kile. Bati la kufungia vyombo tulilikata kwenye mlango wa gari bovu. Boksi alilichonga Ismaily mwenyewe kwa mbao za mninga, tukalivika ngozi ya viti vya basi. Transfoma ya upande wa spika ilikuwa imeungua, ikabidi tuifumue na kuizungushia waya upya, maelfu ya mizunguko, waya mwembamba kama nywele. Mimi nilizungusha, yeye alihesabu, na kila mia ikitimia alitupa punje ya kunde kwenye sahani ili tusipotee. Siku moja alipiga chafya, sahani ikamwagika, tukaanza upya. Hakukasirika. Aliimba.

Siku tuliyoiwasha mara ya kwanza, tulikaa tukiangalia vile vioo vikigeuka rangi ya kaa la moto. Akagusa uzi mmoja tu. Makopo yangu ya misumari yakatetemeka rafuni, na Mashavu, jirani yangu muuza vitumbua, akaja kuuliza kama kuna lori linataka kugonga nyumba. Ismaily aliweka kiganja juu ya boksi kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo watu walikuja kwa Sadallah kutoka Ikwiriri na Bungu kusikiliza besi ile.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa Mei, mwaka juzi.

Nyinyi mlichosikia kutoka kwangu ni hiki: kwamba Ismaily alikuwa ukumbini saa tisa alasiri akijiandaa kupiga, hana ugonjwa wowote, mara akaanguka, akafa palepale. Tulimleta Salale kwa boti kesho yake asubuhi. Tulipomwosha, mimi na wewe na mzee Abdala, ukainua mkono wake wa kulia ukatuonyesha alama nyeusi kwenye kidole cha shahada, ndogo kama punje ya mtama. Mzee Abdala akauliza ni nini. Wewe ukanitazama. Mimi nikasema sijui.

Kabla ya hitima mtaa mzima ulikuwa na jibu. Mikono. Si Mama mdogo alisema mikono? Si alimwambia mbele ya watu kwamba itazuiwa? Sikulaumu wewe, kaka, ulikuwa umefiwa na mdogo wako na ulikuwa na neno ulilolisikia kwa masikio yako na alama uliyoiona kwa macho yako. Nakumbuka kikao kile barazani. Nakumbuka uliniuliza, "Tamimu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Una la kusema?" Nikasema sina. Siku ya tatu vitu vya Mama mdogo vilipakiwa kwenye mtumbwi, godoro, sufuria mbili na msala wake. Hakupiga kelele. Hakujitetea hata kwa neno moja, na watu wakasema mnaona, angekuwa msafi angejitetea.

Mwezi uliopita kambi moja ya watalii kule Mloka iliniita nikawatengenezee redio ya mawasiliano. Nilipomaliza nikawa natembea kurudi kijijini kutafuta gari. Katika shamba moja la mahindi nikasikia mtu anagonga debe kufukuza nguruwe. Nikatazama juu kwenye dungu. Alikuwa Mama mdogo Habiba, kaka. Yuko kwa mtoto wa kaka yake, na kazi anayofanya ili ale ni kulinda shamba. Amekonda, na macho yamepungua. Alinitambua kwa mwendo. Akashuka ile ngazi taratibu, akanipa maji, akaniuliza habari zako, akaniuliza habari za Nasma, akamtaja kila mtoto wako kwa jina. Halafu akauliza kama kaburi la Ismaily linapaliliwa.

Nikayaweka yale maji chini.

Sasa nakuambia, kama nilivyomwambia yeye.

Ndani ya amplifaya ya valvu umeme unapanda mpaka volti mia nne na zaidi. Kuna vikopo vinaitwa kapasita ambavyo vinautunza. Hata ukizima jenereta, vikopo vile vinabaki vimejaa, na vinaweza kuua. Kwa hiyo fundi huweka kifaa kidogo cha kuvimwaga vyenyewe taratibu, ni rezista tu, kitu cha ukubwa wa harage. Mimi niliiweka. Mwezi wa Aprili ikaungua. Barabara ilikuwa imekatika kwa masika na hapa Kibiti haipatikani, nikaitoa nikisema nitanunua nyingine nikienda Kariakoo. Tangu hapo kila nilipofungua boksi nilikuwa navimwaga vikopo kwa bisibisi yenye mpini wa mbao. Kinapiga cheche moja, basi. Nilikuwa najua mimi. Ismaily sikumwambia, kwa sababu nilijua angekataa kuiwasha, na watu walikuwa wameshaizoea sauti yake, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuitwa fundi wa ile besi.

Jumamosi ile kulikuwa na mtu amekuja kutoka Dar es Salaam kuisikiliza bendi, anataka kuwachukua wakapige mjini. Sauti ikaanza kukatika. Sadallah akatoka nje akazima jenereta ili aongeze petroli. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya spika nafunga waya zake, na Ismaily alikuwa ameshafungua mgongo wa boksi, akaona kuna waya umelegea chini ya valvu. Akaniuliza, "Kaka, nishike?"

Nikamwambia, "Shika tu, imezimwa."

Sikugeuka, kaka. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bati, na wa kulia akauingiza ndani. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, akaanguka. Nilimkandamiza kifua, nilimwita, nilimmwagia maji. Nilipojua amekwenda, na nikasikia Sadallah anarudi, kitu nilichofanya ni kuurudisha ule mgongo wa boksi na kuufunga skrubu zake zote nne. Mdogo wangu amelala pale sakafuni na mimi nafunga skrubu. Sadallah akauliza amekuwaje. Nikasema ameanguka tu.

Neno hilo moja ndilo lililompeleka Mama mdogo Mloka. Alama mliyoiona ni ya moto wa umeme. Niliitambua palepale tulipokuwa tunamwosha.

Nilipomaliza kumweleza Mama mdogo, nilipiga magoti pale chini ya dungu nikangoja anitukane. Nguruwe wakarudi shambani na hakuwafukuza. Kisha akaniuliza kama Ismaily aliteseka. Nikamwambia hapana, ilikuwa mara moja. Ndipo akaanza kulia, na alichosema nitakiandika kama alivyokisema:

"Tamimu, mimi nilijua ni kweli. Nilijua ni ulimi wangu uliomuua mwanangu. Ndiyo maana sikujitetea."

Miaka miwili, kaka. Sisi tulimwondoa tukidhani ni mchawi, na yeye akapanda mtumbwi akiamini amemuua mtoto aliyemlea. Kila sala ameomba msamaha kwa kosa ambalo lilikuwa langu, na mimi niko Kibiti natengeneza redio za watu.

Nilimwambia nitarudi Salale kusema yote mbele ya baraza. Akasema hataki mtu aadhibiwe, na hajui kama ataweza kulala tena katika nyumba ile. Anataka jambo moja, kukaa kidogo kwenye kaburi la Ismaily. Nimerudi nikamchukua. Yuko hapa kwangu Kibiti tangu juzi, na Mashavu anamtunza. Jumatano tarehe ishirini na mbili tutapanda boti Nyamisati, tutafika Salale maji yakijaa. Mkiamua mambo yangu yafike polisi Utete, nitakwenda mwenyewe. Sadallah nimeshamweleza, na ile amplifaya nimeikata vipande mbele yake.

Tafadhali, kabla hatujafika, waite wale waliokuwepo kwenye kikao na uisome barua hii yote, pamoja na sehemu ya skrubu. Usiipunguze kwa kunionea aibu. Siku hiyo kama hutaweza kunisemesha nitaelewa, nitakaa ndani ya boti mpaka uniite. Lakini yeye mpokee. Shuka ndani ya maji kama ulivyokuwa unashuka kumpokea marehemu baba, maana matope ya pale yanateleza na yeye haoni vizuri.

Nisalimie shemeji Nasma, na watoto mmoja mmoja. Mzee Abdala mwambie nilimdanganya, na salamu zangu azipokee akipenda. Mama mdogo amekaa hapa pembeni nikiandika. Anasema nikuandikie kwamba anakusalimu sana, na anauliza kama bado unasumbuliwa na mgongo.

Wasalaam,
mdogo wako,
Tamimu