Maswali ya Mzee Amouzou Kabla ya Kula

Peckham, London
13 Novemba 2005

Kwa kaka yangu mpendwa Elkana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako aliyepotelea kwenye baridi. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, bado mnagombania ule uzio na mzee wa kanisa? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, na sina wa kumweleza ila wewe, kwa hiyo kaa chini usome polepole.

Unamkumbuka Mzee Amouzou wa Togo, yule ninayemtunza. Kwao alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwaka wa 1993, watu walipokuwa wakipigwa risasi mjini Lomé, alikimbilia Ghana, na hatimaye akafika huku. Siku hizi kumbukumbu zimemtoka, ila somo halijamtoka. Hali chakula mpaka aulize maswali yake na yajibiwe. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi tu: wali unapoa, yeye kakataa kijiko, ananiuliza pwani ya Togo ina urefu gani. Ikabidi niende maktaba.

Basi wewe uliyenicheka kwa kutojua Mto Galana unaishia wapi, niulize leo habari za Togo. Pwani haifiki kilomita sitini, halafu nchi inapanda kaskazini, nyembamba hivyo hivyo. Mlima mrefu ni Agou. Wanalima kakao, kahawa na pamba, na wanachimba fosfati, madini ya kutengenezea mbolea. Mjerumani aliitawala, kisha Mwingereza na Mfaransa wakaigawana. Uhuru ulikuja 1960, na rais wa kwanza akauawa kabla ya miaka mitatu kwisha. Aliyetawala tangu 1967 alikaa miaka thelathini na minane, hadi alipofariki Februari hii. Nikijibu, mzee anafungua mdomo na kula. Huniita Émilienne, jina la binti yake. Kwenye ofisi iliyoniajiri walinikataza kumsahihisha, nisije nikamtia hofu, nami sikumsahihisha.

Mwezi uliopita Émilienne mwenyewe akatokea. Mama yake alimpeleka Ufaransa akiwa hajatimiza miaka miwili, na amemtafuta baba yake miaka mingi. Siku mbili nzima mzee alimtazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Jumamosi jioni yule binti akanifuata jikoni, akaniomba nimfundishe majibu ili walau baba yake amjue kabla hajarudi. Nikamfundisha, naye akayaandika nyuma ya bahasha.

Jumapili mchana alikaa yeye na sahani, mimi nikasimama kando. Mzee akauliza urefu wa pwani, akajibiwa. Akauliza mlima, akajibiwa, na nikaona anamwinamia yule binti, uso umefunguka. Kisha akamuuliza nchi yetu inachimba nini. Émilienne akasema dhahabu. Mzee akakisukuma kijiko.

"Dhahabu ni ya Ghana," akasema. "Huyu ni mtoto wa jirani."

Akanigeukia, akaniuliza mimi. Ningeweza kunyamaza. Nikajibu fosfati. Akanishika mkono, akasema Émilienne wake hajasahau, na akala wali wote. Binti yake alikaa pale akisikia jina lake likiitwa kwa mtu mwingine. Jioni alipoondoka, aliniomba radhi mlangoni kwa kusahau nilichomfundisha.

Hakusahau, kaka. Mficha uchi hazai, acha niseme: mimi ndiye niliyemwambia dhahabu. Nilijua si kweli hata neno lilipokuwa linanitoka, na mpaka leo sielewi. Yule mwanamke simchukii, hata nampenda. Ila nilipomwona anaandika kwenye ile bahasha, niliona kesho nitarudi kuwa msichana wa kazi. Wewe ulibebwa mabegani na baba. Mimi nilizaliwa amekwisha kuzikwa, na hakuna mzee mwingine aliyewahi kufurahi kwa sababu mimi nimeingia chumbani. Je, huo ni wizi? Na kama ni wizi, nimeiba kitu gani? Nalifikiria kwenye basi mpaka napita kituo changu.

Leo asubuhi nilimpigia simu Émilienne nikamweleza yote. Nilingojea matusi. Akaniuliza jambo moja tu, kama baba yake amekula. Nikamwambia amekula. Akasema atakuja Jumamosi, tuanze upya. Nitamfundisha sawasawa safari hii, ingawa sijui nitasimama wapi mzee atakapomwita yeye kwa jina lake. Nataka hilo litokee, na sitaki, yote mawili kwa pamoja.

Nisalimie Mama sana, na umwambie nala vizuri. Hii habari usimsomee. Ukinijibu, niandikie baba yetu alikuwa akisema nini alipoketi kula. Lolote unalolikumbuka, hata kama ni kugombeza tu.

Ni mimi mdogo wako,
Marion