Skuta ya Mkunga Isiyotaka Oili

Nyakuron, Juba

Dada yangu Nekesa,

Mimi ni mzima, na Juba nayo ni nzima kwa sababu yangu. Sijisifu. Nikilala na malaria siku mbili, nusu ya mji huu inatembea kwa miguu. Juzi mkubwa mmoja alisimamisha msafara wake, magari tisa, nimsikilizie injini. Mgongo wako je? Ng'ombe ameshazaa?

Kuna mkunga hapa, Mama Keji, aliyekulia Uganda wakati wa vita. Ameletewa skuta mpya kutoka Kampala, lakini umbo ni lile lile la skuta ya Padri wetu wa huko nyumbani: makalio ya mviringo, taa moja ya duara. Anaitumia kwenda mtaa wa New Site kuzalisha wanawake. Bila hiyo, mtoto anamtangulia.

Akaniletea niikague. Mimi tena, niliyemtengenezea Padri miaka kumi! Nikafungua tangi, nikatia oili kwenye petroli kama tulivyozoea kwa ile ya Padri. "Bila oili inakufa," nikamwambia. Akaniamini, akawa anatia mwenyewe kila akinunua petroli.

Baada ya wiki mbili hivi, akaja akiisukuma juani. Taa ya onyo ya manjano inawaka, moshi wa bluu, kilima haipandi.

"Fundi, leo mtoto amezaliwa mimi iko njiani bado. Mama yake alikuwa peke yake."

"Ni hiyo petroli ya chupa ya soko la Konyo Konyo. Wanatia maji."

"Nanunua kwa mama mmoja tangu nilirudi. Hajanidanganya hata siku moja."

Akatoa kitabu cha skuta chini ya kiti, akanisomea, kidole kwenye mstari. Dada, hii ya siku hizi oili yake inakaa chini kwenye injini peke yake, haichanganywi na petroli. Ndani ya ekzosi kuna kitu kama sega la nyuki, kinasafisha moshi mbaya. Kuna na sensa inayonusa moshi, inaambia kompyuta petroli ipungue au iongezeke. Oili imeziba sega, sensa imejaa masizi.

"Nani alisema tuweke oili, mzee?"

Angecheka ningepona. Hakucheka.

Ekzosi nyingine ilitoka Kampala na lori, siku nne. Siku hizo zote nilimbeba mwenyewe kwa pikipiki yangu, hata alfajiri, na hakuna mtoto aliyetutangulia. Ekzosi ikafika, nikafunga, nikasafisha sensa, taa ikazimika. "Kalas, basi," akasema, "sasa inapumua." Mtoto mmoja wa New Site wanataka kumwita jina langu.

Nisalimie shemeji na meno yake, na shangazi wa duka la mahindi. Mama mkwe mwambie nimenenepa.

Hili lingine usilisome kwa sauti. Kile kitabu Mama Keji alinipa siku ya kwanza kabisa. Nilikaa nacho usiku mmoja, nikamrudishia nikasema nimekimaliza. Nilitazama picha ya jalada tu.

Ndugu yako,
Wafula