Rudia Kwanza Maneno Yake

Kamwene, hujambo Tumaini mjukuu wangu,

Hapa Kihesa baridi imetubana, lakini tu wazima. Shangazi yako amejifungua binti, na babu yako anamsimulia habari za mahindi kana kwamba anaelewa.

Unauliza falsafa itakusaidia nini huko Mbeya. Mimi niliisoma kidato cha sita. Mwalimu wetu alikuwa na sharti moja: humpingi mwenzako mpaka urudie hoja yake, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Siku moja kijana mmoja alitetea kumficha mgonjwa ukweli. Nikasimama nimewaka: “Unataka tudanganye watu!” Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, akakataa tena. Mwalimu alingoja tu. Mwishowe nikasema taratibu, “Unasema mgonjwa ndiye achague siku ya kuambiwa.”

“Hapo umenisikia,” akajibu. Nikatafuta hasira yangu, sikuiona.

Kijana yule ndiye babu yako. Mpaka leo nampinga karibu kila siku, ila kwanza nangoja aseme, “Hapo umenisikia.”

Ni mimi bibi yako, nikupendaye.