Mumiani wa Zahanati

Lukozi, 9 Juni 1951

Dada Efrazia, shikamoo.

Mimi mzima, ila baridi tu. Hivi zimwi la hadithi za bibi lilikuwa na macho mangapi? Nimechora madude yote tuliyoyaogopa na kuyapenda kwenye karatasi moja, yamebanana hata mikia imepandana, nikaibandika ukutani hapa zahanati ninapotibu. Watoto huja kuchungulia. Mama zao ndio hawaleti tena wagonjwa.

Jana binti mmoja, Halima, aliuliza, "Mumiani yuko wapi?"

"Sijui sura yake. Yukoje?"

Watoto wote wakalitazama koti langu jeupe. Kumbe ndivyo ninavyosemwa, kwamba sindano yangu inanyonya damu za watu! Dada, iliniuma.

Nikachukua kalamu, nikajichora katikati ya zimwi na joka, na koti, sindano na masikio yangu haya makubwa. Halima akacheka sana.

Leo asubuhi amemvuta mama yake mpaka mlangoni. Miguu ya binti huyo imejaa vidonda vya buba.

"Nionyeshe kwanza," Halima akasema, "sindano inatia au inatoa?"

Nikampa chupa ya dawa ninayoijaza kwenye sindano. Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, kisha akamwambia mama yake, "Inatia."

Nduguyo akupendaye,
Silvano